Wito Si Fumbo

Hotuba iliyotolewa kwenye kongamano la vijana na wazazi. Imeandikwa yote kwa ajili ya ndugu ambao hawakuweza kuhudhuria.

Bwana asifiwe sana!

Wachungaji, wazee wa kanisa, baba zetu na mama zetu, nanyi vijana mliojaa mpaka nyuma kabisa, nawasalimu katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo. Nimepewa somo la kusudi na wito. Nimelipokea kwa furaha, lakini pia kwa uzito, kwa sababu najua hili ni somo lililowaliza wengi mlioketi hapa.

Ibada ikiisha, watu wakitoka, huwa anabaki mtu mmoja. Anajifanya anapanga viti, anasubiri wenzake waondoke. Akisogea karibu, mara nyingi swali lake ni hili: "Mchungaji, nitajuaje Mungu anataka nifanye nini na maisha yangu?" Anauliza kijana anayemaliza shule. Anauliza mtu aliyeajiriwa miaka mingi, ambaye kila asubuhi anaingia kazini moyo umemwinama. Anauliza mama ambaye watoto wamekua, wameondoka, nyumba imekuwa kimya. Anauliza mzee aliyestaafu. Na chini ya swali hilo mna hofu moja. Hofu kwamba Mungu ana mpango wangu, ameuficha mahali, nami nisipoufumbua mapema nimepotea, maisha yangu yameharibika.

Ndugu zangu, nani aliwafundisha kwamba Baba yetu anawachezea watoto wake mafumbo? Ni nani? Mungu ninayemsoma katika Maandiko ni Mungu anayeita. Anamwita Adamu akiwa amejificha. Anamwita Samweli usiku, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na kijana asipoelewa bado anarudi mara ya nne. Anayeita anataka asikike! Na leo ninalo neno moja tu la kuwaambia, nitalizungusha huku na huku mpaka likae: wito ni kuitwa na Mtu kabla ya kuitiwa kazi, na kazi anayokupa huwa karibu yako zaidi ya unavyodhani.

Fungueni Marko sura ya tatu. Yesu amepanda mlimani, anachagua mitume. Tungetarajia Marko aanze na majukumu yao. Angalieni anavyoandika: "Akaweka watu kumi na wawili, wapate kuwa pamoja naye, na kwamba awatume kuhubiri." Wawe pamoja naye, ndipo watumwe. Hawa watu walikula naye, wakalala chomboni pamoja naye, wakamwona akichoka, wakamwona akilia, na ndani ya huko kuwa naye kazi yao ikajulikana. Leo wako watu wanaoitaka kazi ya Yesu kuliko wanavyomtaka Yesu. Wanafunga na kuomba wapewe maono, lakini ukiwauliza mara ya mwisho walikaa na Bwana bila kumwomba chochote ni lini, wananyamaza. Sisemi hivi kumhukumu mtu. Ninasema kwa sababu nimewaona watu wema wakitafuta huduma kwa bidii mpaka imani yenyewe ikawakauka. Kama hujui bado ufanye nini na maisha yako, unajua aliyekuita ni nani. Anza hapo. Kaa hapo. Hapo si chumba cha kusubiria wito. Hapo ndipo wito wako ulipo.

Sasa nataka twende kwa mtu ambaye hata jina lake hatulijui. Marko sura ya tano. Yesu anavuka bahari, anashuka katika nchi ya Wagerasi, na mtu anamjia mbio kutoka makaburini. Mtu huyu alifungwa kwa pingu na minyororo, akaikata. Usiku na mchana alikuwa akipiga kelele na kujikatakata kwa mawe. Nyote mnaijua habari hii, mnajua pepo walivyotoka, mnajua nguruwe walivyoteremka gengeni. Lakini tukifika kwa nguruwe wengi wetu tunafunga Biblia, tunakosa kilicho muhimu.

Katika habari hii mna maombi matatu. Pepo wanamwomba Yesu awaache waingie katika nguruwe. Anawaruhusu. Watu wa nchi ile, walipomwona yule mtu ameketi, amevaa nguo, ana akili zake, waliogopa, wakamwomba Yesu aondoke mipakani mwao. Anaondoka. Kisha Yesu anapanda chomboni, na yule mtu aliyeponywa anamsihi akae pamoja naye. Ombi zuri kuliko yote! Ombi la kujitoa! Ombi ambalo sisi wahubiri tungelipigia makofi! Na Biblia inasema, hakumruhusu.

Mnasikia? Pepo waliruhusiwa. Watu waliomkataa walikubaliwa. Mtu aliyetaka kumfuata akaambiwa hapana.

"Enenda zako nyumbani kwako, kwa watu wa kwenu, ukawahubiri ni mambo makuu gani aliyokutendea Bwana, na jinsi alivyokurehemu."

Jiulizeni nyumbani kwake palikuwaje. Ndiko wanakomjua. Ndiko kuna watu walioshika ile minyororo. Ndiko kuna watoto waliokuwa wakikatazwa kupita njia ile kwa ajili yake. Ingekuwa rahisi mara elfu kupanda chombo, kwenda ng'ambo, kuanza upya mahali ambapo hakuna aliyewahi kumwona uchi. Lakini Yesu anamtuma kule kule. Si adhabu. Ni kwamba kule ndiko palikokuwa na watu ambao ushuhuda wake tu ndio ungeweza kuwafikia. Petro angehubiri nini mbele yao? Wangemfukuza kama walivyomfukuza Bwana wake. Lakini huyu wangemfanyaje? Huyu ni mtu wao.

Akaenda. Akaanza kuhubiri katika Dekapoli, miji kumi, na watu wote wakastaajabu. Halafu geuzeni kurasa mpaka sura ya saba. Yesu anarudi katika mipaka ya Dekapoli, nchi ile ile walikomwomba aondoke. Safari hii hawamfukuzi. Wanamletea kiziwi mwenye utasi, wanamsihi amwekee mkono wake. Marko hatuelezi ni nani aliyewageuza mioyo. Lakini kati ya sura ile na hii, ametutajia mhubiri mmoja tu katika miji hiyo.

Kijana, wewe unayeomba kila siku, "Bwana, niondoe hapa, nipeleke mahali penye huduma," umewahi kumpa Bwana nafasi ya kukuambia rudi nyumbani? Kwa baba ambaye hamjasemezana. Kwa ndugu zako wanaokumbuka ulivyokuwa. Ofisini kwako, ambako wamekwisha kukuchoka. Wako wanaotumwa mbali, na Mungu awabariki. Lakini tusidhani kwamba umbali ndio utakatifu.

Hili linanipeleka kwenye jambo ambalo kanisa limewaumiza watu nalo, na ninataka kulisema waziwazi. Tumewagawa watu wa Mungu makundi mawili. Wako "walioitwa", ndio sisi tunaosimama mimbarini. Halafu wako wengine wote, ambao kazi yao ni kututolea sadaka na kutuombea. Mgawanyo huu haumo katika Biblia! Mtu wa kwanza ambaye Maandiko yanasema wazi kwamba Mungu amemjaza roho ya Mungu hakuwa kuhani wala nabii. Ni Bezaleli mwana wa Uri, Kutoka sura ya 31. Fundi! Fundi wa dhahabu, fedha na shaba, wa kuchonga vito na mbao. Roho wa Mungu alishuka kwenye vidole vya fundi.

Mwaka 1785 huko Uingereza, kijana mmoja mbunge, William Wilberforce, aliguswa na Injili. Alikuwa ameingia bungeni akiwa na miaka 21, ana mali, ana sauti nzuri ya kusema, anapendwa katika kumbi za wakubwa. Alipookoka aliingiwa na mashaka: mtu wa Mungu anafanya nini katika siasa? Je, nisiache yote nikawe mchungaji? Akaamua kwenda kumwona mzee mmoja, John Newton, mchungaji wa London. Aliona aibu kuonekana akienda kwake. Katika kumbukumbu zake za kila siku aliandika kwamba alizunguka uwanja wa mtaa aliokaa Newton mara moja au mbili kabla ya kujikaza na kwenda kumwona. Ndugu, mtu atakayelibadilisha bunge anazunguka nje, anaogopa kubisha hodi!

Na huyo Newton alikuwa nani? Alikuwa nahodha wa zamani wa meli za watumwa. Mikono ile iliyomkaribisha Wilberforce ilikuwa imewahi kuwafunga Waafrika chini ya sitaha. Kristo alikuwa amemgeuza. Na mzee huyu, ambaye yeye mwenyewe aliitwa katika uchungaji, hakumwambia kijana, "Njoo uwe kama mimi." Alimshauri abaki bungeni amtumikie Mungu huko huko.

Alibaki. Mwaka 1791 bunge lilipiga kura juu ya kukomesha biashara ya watumwa, akashindwa kwa kura 163 dhidi ya 88. Akarudi tena. Akashindwa tena. Akarudi. Mpaka mwaka 1807 ndipo sheria ikapita. Utumwa wenyewe katika makoloni ya Uingereza uliendelea, na ni mwezi Julai 1833 ndipo bunge lilipoupitisha mswada wa kuukomesha, yeye akiwa kitandani mgonjwa. Alifariki siku tatu baadaye. Hesabuni tangu ile hodi mlangoni kwa Newton. Ni karibu miaka 48.

Nawaomba wazee mliopo mlishike hili. Kijana akija kwenu na moto wake, msimkate apate kutosha kwenye kiatu chenu. Si kila anayempenda Bwana ni wa kupelekwa chuo cha Biblia. Mwingine ni hakimu. Mwingine ni muuguzi wa zamu za usiku, na wagonjwa wanaokufa saa tisa za alfajiri wanamhitaji yeye, hawanihitaji mimi. Wakolosai 3 inasema, "Lo lote mfanyalo, lifanyeni kwa moyo, kama kwa Bwana, wala si kwa wanadamu." Lo lote. Na maneno hayo Paulo aliyaandika akisema na watumwa, watu ambao kazi zao hawakuzichagua.

Nisikilizeni sasa, ninyi mnaofanya kazi isiyoonekana. Nimewatafuta katika Biblia, nikawapata katika Yeremia.

Yeremia alikuwa na mwandishi, jina lake Baruku mwana wa Neria. Katika mwaka wa nne wa mfalme Yehoyakimu, Mungu alimwambia nabii aandike maneno yote aliyopewa tangu mwanzo. Yeremia akatamka, Baruku akaandika kwa wino katika gombo. Fikirieni kazi hiyo: neno kwa neno, safu kwa safu, unabii wa miaka zaidi ya ishirini. Hakuna neno hata moja lililo lake. Kisha, kwa kuwa Yeremia alikuwa amezuiwa asiingie nyumbani mwa Bwana, ni Baruku aliyepelekwa kulisoma mbele ya watu. Hatari ni yake, ujumbe ni wa mwingine.

Gombo likafika kwa mfalme. Ni majira ya baridi, mfalme ameketi karibu na moto. Mtumishi anasoma safu tatu au nne, mfalme anachukua kisu cha mwandishi, anakata kipande, anakitupa motoni. Anasomewa tena, anakata, anatupa. Kipande kwa kipande, mpaka gombo zima likateketea. Wakuu watatu walimsihi asilichome, hakuwasikia. Kisu cha mwandishi! Chombo cha kazi ya waandishi kama Baruku ndicho kilichoikatakata kazi yake.

Wangapi hapa mmewahi kuona kazi yenu ikichomwa? Umelea mtoto katika Bwana, ameondoka anakudhihaki. Umejenga kikundi cha maombi kwa machozi, maneno ya watu yakakivunja. Umeifanya kazi kwa uaminifu, mtu akaifuta kwa saini moja.

Katika mwaka ule wa gombo, Baruku alilia. Sura ya 45 imetutunzia kilio chake: ole wangu, Bwana ameongeza huzuni juu ya maumivu yangu, nimechoka kwa kuugua, sioni raha. Na Mungu akamjibu yeye binafsi, kwa jina lake. "Je! unajitafutia mambo makuu? Usiyatafute."

Nitasema ukweli, jibu hili ni gumu. Baadaye katika kitabu hicho hicho tunamkuta Seraya, naye ni mwana wa Neria, katika msafara wa mfalme akiwa na cheo. Nyumba ile ilikuwa na watu wa kupanda ngazi. Baruku alikuwa na elimu na ukoo. Ndipo Mungu akamwambia mambo makuu asiyatafute, nchi nzima inabomoka, lakini uhai wako nitakulinda kila mahali utakapokwenda. Alimwahidi uhai. Hakumwahidi cheo.

Na lile gombo? Yeremia akachukua gombo lingine, akampa Baruku. Akaandika tena! Yote yaliyochomwa, na maneno mengine mengi ya namna ile ile yakaongezwa. Mfalme aliyekuwa na kisu tunamjua leo kwa sababu mwandishi alirudi kwenye wino wake.

Mahubiri ya siku hizi yamewaambia vijana kwamba kusudi maana yake ni kuwa mkubwa. Umezaliwa kutawala, umezaliwa kung'aa, hatima yako ni ikulu. Na kijana wa watu anayemtunza mama yake mgonjwa, anayembadilisha nguo na kumgeuza kitandani, anarudi nyumbani akiamini amelikosa kusudi la Mungu. Hapana! Kataeni mafundisho hayo. Kataeni hata yakija kwa vipaza sauti na machozi. Bwana wetu alijifunga kitambaa akaosha miguu, na usiku ule alikuwa katikati kabisa ya mapenzi ya Baba yake.

Najua hapa kuna mwingine ambaye tatizo lake si kazi. Tatizo ni alichotendewa. Unajiuliza, mtu aliyevunjwa kama mimi anaweza kuitwa? Ngoja nikuambie habari za Bakhita. Alizaliwa Darfur, katika nchi ya Sudani, yapata mwaka 1869. Akiwa bado mtoto alitekwa na wafanyabiashara wa watumwa. Hofu ilimfuta kumbukumbu, hata jina alilopewa na wazazi wake akalisahau. Bakhita ni jina alilopewa na waliomteka. Aliuzwa na kuuzwa tena. Mke wa mmoja wa mabwana zake aliamuru achanjwe kwa wembe mwilini, chale zaidi ya mia, halafu chumvi ikasuguliwa kwenye vidonda ili alama zisifutike. Hatimaye aliletwa Italia, na huko, akiwa kwa Wakanosa, masista wa shirika la Kikatoliki, mjini Venice, akasikia habari za Kristo. Mwaka 1889 mahakama ilitamka kwamba yeye ni mtu huru. Mwaka 1890 akabatizwa. Kwa mara ya kwanza tangu utotoni alikuwa na uhuru wa kuchagua aende wapi, akachagua kuwa mtawa.

Na kazi yake ilikuwa nini? Alipika. Alishona. Alitunza vyombo vya ibada. Na katika mji mdogo wa Schio alikuwa bawabu. Wanafunzi waliokuja shuleni kwa masista kila siku walipita mlangoni kwake, naye aliwawekea mikono vichwani taratibu. Mikono ya mtu aliyenyang'anywa utoto wake, juu ya vichwa vya watoto. Alifariki mwaka 1947, na mwaka 2000 Kanisa Katoliki likamtangaza kuwa mtakatifu.

Sasa nisieleweke vibaya. Mungu hakuwatuma wale watekaji. Uovu ni uovu, na mtu yeyote anayekuambia kwamba uliyofanyiwa yalikuwa mapenzi ya Mungu ili upate ushuhuda, mkimbie. Kama bado unateswa, toka, tafuta msaada. Mungu hakukuita kuteswa na mume wala na kiongozi wa kanisa. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyekuumiza mwenye uwezo wa kukufutia wito. Hakukuita yeye, hawezi kuutangua.

Basi utauliza, kwa vitendo nifanyeje? Nitasema machache.

Angalia mzigo ulio nao. Nehemia alikuwa mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi, kazi nzuri, ya heshima. Siku moja aliwauliza ndugu waliotoka Yuda habari za Yerusalemu, wakamwambia ukuta umebomoka. Akaketi akalia. Wengine waliisikia habari ile ile wakaendelea na shughuli zao; yeye ikamnyima raha. Kuna jambo ambalo ukilisikia hulali. Lichunguze. Lakini pia angalieni Nehemia hakukurupuka. Alipata habari mwezi wa Kisleu, akasema na mfalme mwezi wa Nisani. Ni kama miezi minne ya kufunga, kuomba na kuendelea kumimina divai kila siku kwa uaminifu. Mfalme alipomuuliza anataka nini, alikuwa tayari na mpango: barua, mbao, muda wa safari.

Angalia pia watu. Samweli aliisikia sauti, lakini ni Eli, mzee ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, aliyemsaidia kujua ni sauti ya nani. Antiokia Roho Mtakatifu aliposema juu ya Barnaba na Sauli, alisema kanisa likiwa katika ibada na kufunga. Usiende peke yako na sauti yako. Waulize watu wanaokupenda na wasiokuogopa, wanaona nini ndani yako? Na ukikutana na mtu anayekuambia, "Mungu amenionyesha wewe ni wa kuolewa na mimi," au "Mungu amesema hatima yako imefungwa mpaka utoe sadaka kwangu," huo si wito. Huo ni wizi. Mungu akitaka kukuongoza hatakuficha wewe akamwambia mtu mwenye shida na pesa zako.

Limebaki swali moja, na niliombwa nisiondoke bila kuligusa. Itakuwaje nikikosea? Nikachagua masomo, kazi au mji ambao si wenyewe?

Twendeni Matendo 16. Paulo na wenzake wanasafiri kuhubiri. Wanataka kuhubiri Asia, Roho Mtakatifu anawakataza. Wanajaribu kwenda Bithinia, Roho wa Yesu hawapi ruhusa. Mtume Paulo! Milango miwili imefungwa, na wakati huo hana maono yoyote. Hakuketi njiani akasema sitasogea mpaka nione. Aliendelea kutembea mpaka Troa, mpaka bahari ikamzuia. Ndipo usiku akaona mtu wa Makedonia akimsihi, "Vuka, uje Makedonia utusaidie." Walipofika Filipi, waliowakuta si yule mwanamume wa maono. Walikuta wanawake wamekusanyika kando ya mto, wakaketi wakasema nao, na Lidia, mwuza rangi ya zambarau, akafunguliwa moyo. Kanisa likaanza hapo.

Paulo alizuiwa kwa sababu alikuwa anatembea. Mungu anaweza kukugeuza ukiwa njiani. Hofu yako inakuambia ukikosea hatua moja Mungu atakutupa. Yona alikosea bahari nzima, na neno la Bwana likamjia mara ya pili. Soma Yona sura ya tatu, mstari wa kwanza. Mara ya pili!

Kwa hiyo wiki hii chukua hatua moja unayoijua tayari. Ile simu uliyoiahirisha. Ile fomu ya masomo iliyokaa mezani. Yule jirani mpweke. Yule mzazi. Usiniambie huijui, nimewaona wengine mkiinamisha vichwa nilipotaja nyumbani.

Sasa tutaomba. Wazee wetu na mama zetu watasimama pande zote mbili za ukumbi. Wewe mwenye mzigo usioelewa ni wa nini, nenda kwao, uwaambie kwa maneno yako mwenyewe, nao wakusikilize kwanza kabla ya kukuwekea mikono. Kama unaona aibu ukalazimika kuzunguka ukumbi mara moja au mbili, zunguka. Watakungoja. Tusimame.